Si Kila Mwasi ni Mfano

Wako vijana kwetu Nyangezi wanaosifu vitabu vya nchi za kubuni, ambamo serikali yatawala hata mawazo ya watu, kisha atokea mtu mmoja wa kuikataa. Wasema: "Huyu ndiye mfano wetu." Wako na wazee wanaojibu: "Vitabu hivyo vyafundisha uasi, vichomwe!" Sisi twaona wote wawili wakosea.

Tutazame kitabu kimoja. Mwaka 1949 Mwingereza George Orwell alitoa hadithi iitwayo 1984. Ndani yake Winston Smith ni karani ambaye kazi yake ni kugeuza habari za magazeti ya zamani, ili uwongo wa Chama uonekane kweli. Achoshwa na uwongo, aanza kuandika daftari kwa siri. Hapo twamsifu. Lakini O'Brien, ambaye Winston amdhani kuwa mmoja wa waasi, amwuliza: ikifaa kazi yetu, utakubali kummwagia mtoto tindikali usoni? Winston ajibu: ndiyo. Baadaye akiwa kifungoni, O'Brien, kumbe ni mtu wa Chama, amsikilizisha sauti ya jibu lile lile. Winston hana la kusema.

Ndugu, jibu hilo twalifahamu sana huku Kivu. Tangu 1996 wangapi wamepita wakijiita wakombozi, huku wakiwatia watoto bunduki mikononi? Mwenye kukubali mtoto aumizwe amekwisha kufanana na yule anayempinga. Kilichobaki ni kugombea kiti tu.

Je, tunyamaze basi? La hasha! Kwa Noeli ya 1999 Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko wa Bukavu aliandika barua kuwakemea wageni walioipora nchi, pamoja na Wakongomani waliowasaidia. Mwezi wa Februari 2000 wakubwa wa RCD walimkataza kurudi Bukavu, wakampeleka Butembo. Huko alikaa miezi saba. Hakushika bunduki, wala hakulifuta neno lake. Alirudi mwezi wa Septemba, akafa Roma tarehe 4 Oktoba 2000. Huyo naye alikataa, lakini gharama ya kukataa kwake aliilipa mwenyewe.

Basi, wazee, msichome vitabu. Mtachoma na onyo lililomo. Nanyi vijana, someni. Lakini mkikutana na mwasi, kitabuni au njiani, msiulize kwanza ampinga nani. Ulizeni: yu tayari kumwumiza nani?