Ng'ombe Hanenepeshwi Siku ya Mnada

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba ng'ombe hanenepeshwi siku ya mnada. Hata hivyo, ndivyo tufanyavyo hapa Pwani. Mfugaji wa Tana River au Taita Taveta humpeleka dume sokoni ukame ukishamkondesha, naye mnunuzi humkadiria kwa macho, pasipo mizani. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliangamiza zaidi ya mifugo milioni 2 nchini Kenya.

Nipitapo Shimanzi, baina ya maghala na malori ya bandarini, hujiuliza swali moja. Ngano ishukayo melini husagwa mjini humu, ikatuachia pumba. Nazi hukamuliwa, ikatuachia mashudu. Kwa nini chakula hicho na mfugo visikutane kabla ya njaa?

Elimu yenyewe si siri. Kituo cha utafiti cha Lanet, Nakuru, kimeshughulikia ng'ombe wa nyama kwa miongo kadhaa. Nyama ya maksai mchanga ni laini kwa kuwa nyuzi zinazoshikanisha misuli hukazana kadiri umri usongavyo. Hulishwa miezi mitatu au minne. Nafaka na molasi huongezwa kidogo kidogo kwa wiki mbili au tatu, la sivyo tumbo huchachuka na mnyama aweza kufa. Nyasi kavu haziondolewi, wala maji hayakatizwi. Aidha, akihangaishwa kabla ya kuchinjwa, akiba ya sukari misulini huisha, na nyama huwa nyeusi na kuharibika upesi.

Lakini mfugaji agharimike kwa nini, ikiwa buchani nyama ya maksai mchanga na ya ng'ombe mkongwe hutundikwa pamoja kwa bei moja? Hapo ndipo penye kidonda. Naona mizani sokoni na madaraja ya nyama buchani yatangulie. Bila hayo, kumhimiza mfugaji anunue pumba ni kumtia hasarani.

Walimu wa Kilimo wanaweza kuanza kesho. Dume wa kilo 250 hula takriban kilo 7 za chakula kikavu kwa siku. Wanafunzi na waulizie bei ya pumba, wapige hesabu ya siku 90, kisha wailinganishe na bei ya mnadani. Wakikuta hasara, wasikimbilie kumlaumu mfugaji. Waulize kwanza bei hiyo ilipimwa kwa kitu gani.