Usiku wa Modesto na Vijana Wasio na Mchungaji

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), aliyeujaalia ujana kuwa nguvu baina ya udhaifu wa utoto na udhaifu wa uzee. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na Maswahaba wake.

Ndugu Waislamu, ziko filamu za Kimarekani ambazo wazazi wengi huziona hazina madhara, kwa kuwa hazina vita wala umwagaji damu. Humo mna vijana wa zama zilizopita, magari yanayong'aa, redio inayopiga muziki wa roki ulipokuwa bado mchanga, na usiku mrefu wa kiangazi. Mtu mzima huzitazama akaukumbuka ujana wake, na kijana huzitazama akautamani ujana wa wengine. Tunapenda kuizungumzia mojawapo iliyo mashuhuri, nayo ni American Graffiti ya mwaka 1973, iliyoongozwa na George Lucas.

Kisa chake ni cha usiku mmoja wa mwaka 1962 katika mji wa Modesto, California. Kuna vijana wanne, wawili kati yao wakitarajiwa kusafiri asubuhi kwenda chuoni. Usiku kucha wanazunguka na magari katika barabara zilezile, wanashindana mbio, wanafuata wasichana na kutafuta pombe kwa ujanja, huku nyimbo zaidi ya 40 zikisikika. Filamu hiyo iligharimu chini ya dola 800,000, ikaingiza zaidi ya dola milioni 100, na ikateuliwa kugombea tuzo tano za Oscar.

Kwa nini watu waliimiminikia? Tuutazame mwaka wenyewe. Mwaka 1973 ndio majeshi ya Marekani yalipoondoka Vietnam, katika vita vilivyoua Wamarekani zaidi ya 58,000 na Wavietnam wengi mno kuliko hao. Rais Kennedy alikuwa ameuawa mwaka 1963. Ilikuwa imepita miaka 11 tu tangu ule usiku wa Modesto, na tayari watu walikuwa wakilipa tiketi ili warudishwe kwenye siku za kabla ya msiba.

Lakini je, siku zile zilikuwa njema kiasi hicho? Katika mwaka huohuo wa 1962, James Meredith, Mmarekani mweusi, alihitaji ulinzi wa askari wa serikali kuu ili ajiandikishe katika Chuo Kikuu cha Mississippi, na watu wawili walikufa katika ghasia zilizozuka. Chimbuko la muziki unaosikika katika filamu ile ni watu weusi kama Meredith. Sauti zao zimo, maisha yao hayamo. Mmoja wa wanaosikika ni Frankie Lymon, aliyepata umaarufu akiwa mtoto wa miaka 13. Alifariki mwaka 1968 kwa dawa za kulevya, akiwa na miaka 25. Hamu ya mambo ya kale huchagua inachokumbuka.

Hata hivyo, Uislamu unatuamrisha uadilifu, na uadilifu unatulazimu kusema kwamba filamu hii yenyewe inaficha ushahidi dhidi ya tamaa inayoiamsha. Yumo John Milner, kijana wa miaka 22, hodari wa mbio za magari, ambaye tayari analalamika kwamba muziki umeharibika tangu alipokufa mwimbaji Buddy Holly mwaka 1959. Katika umri huo ameshaanza kuishi kwa kutazama nyuma! Mwishoni kabisa, maandishi machache yanatueleza hatima ya wale wanne. Milner aliuawa mwaka 1964 na dereva mlevi. Mwingine alipotea vitani Vietnam mwaka 1965. Wa tatu alibaki Modesto akiwa wakala wa bima, na wa nne ni mwandishi anayeishi Kanada. Kuhusu wasichana waliokesha nao, mmoja wao mdogo mno kuwa nje saa zile, halikuandikwa hata neno moja. Wahakiki wa hukohuko Marekani waliliona hilo na kulilaumu.

Liko jambo jingine linalotugusa zaidi. Katika usiku ule wote wazazi karibu hawaonekani, hadi asubuhi kwenye uwanja wa ndege, wakati wa kuagana. Mtu mzima anayekesha na vijana ni mtangazaji wa redio, Wolfman Jack, ambaye sauti yake imo katika kila gari. Kijana Curt, aliyetatizika kama aende chuoni au abaki, anamfuata hadi kituoni. Anamkuta mtu anayedai kwamba yeye siye, anayempa maneno machache ya kumtia moyo aende akaione dunia. Anapotoka ndipo anapomwona kupitia kioo akizungumza kwenye kipaza sauti, akatambua kwamba ndiye. Kizazi kizima kililelewa na sauti ambayo haikuwajua kwa majina.

Na aliyeitengeneza filamu hiyo? Lucas alikulia Modesto na alipenda mbio za magari. Mwezi Juni 1962, siku chache kabla ya kumaliza sekondari, alipata ajali akanusurika kufa. Baada ya hapo aliiacha ndoto ya mbio, akaenda chuoni. Maisha yake yalisimama pale alipoyaacha yale ambayo filamu yake inawafanya wengine wayatamani.

Ndugu zetu, Mtume (SAW) ametuusia tuufaidi ujana kabla ya uzee, na ametufahamisha kwamba mja ataulizwa ujana wake aliumalizia katika nini. Vijana wa Pangoni waliihama jamii yao kwa ajili ya dini, na Mola wao akawahifadhi. Hao ndio ambao Qur'ani imewafanya kumbukumbu.

Hatutoshelezi wajibu wetu kwa kusema "haramu" kisha tukaenda kulala. Sauti ya redio leo imo katika simu iliyo chini ya mto wa kijana, nayo haichoki usiku kucha. Msikiti unaofungwa mara tu baada ya Isha unamwachia sauti hiyo kazi ya malezi. Basi kamati za misikiti ziwafungulie vijana milango, maimamu wakae nao wasikilize maswali yao bila kuwakaripia, wazee wawasimulie ujana wao kwa ukweli, pamoja na majuto yake. Baba ajue mwanawe yuko wapi usiku, na binti asisahauliwe, kwani naye ni amana tutakayoulizwa.

Wabillahi tawfiiq.