MTOTO AKIPOTEA PORINI, MWACHENI MAMA AMWITE (Sehemu ya 4)

Niliahidi leo tuongelee homa za vichanga. Itasubiri. Leo nina hasira.

Wodini kwetu kaletwa mtoto wa miaka sita. Alienda na wenzake kuokota masuku, mvua ikashika, wenzake wakakimbia, yeye akabaki. Kalala porini usiku mzima. Tumempokea anatetemeka, ila sasa anakunywa uji mwenyewe, Mungu ashukuriwe. Mama yake kaniruhusu niandike, bila jina wala kijiji.

Mtoto kakosekana saa kumi jioni. Wakubwa wa ukoo wakaamua kwanza aitwe mganga "aangalie". Mama akaambiwa akae ndani, eti uzembe ni wake. Watu wameingia porini saa tatu usiku. Saa tano nzima zimeliwa na maneno, mvua inanyesha!

Kilichonimaliza ni mtoto mwenyewe. Kaniambia tochi aliziona. Akajificha. Nikamuuliza kwa nini? "Niliogopa watanichapa."

Jamani. Mtoto anaona bora alale na baridi kuliko kuonwa na sisi.

Sasa tuambiane ukweli. Mwaka 2023 ndege ndogo ilianguka kwenye msitu wa Amazon, Kolombia. Mama akafariki, watoto wanne wakabaki peke yao, mdogo kabisa hajatimiza hata mwaka. Wamekaa msituni siku 40, wakapatikana hai. Mwanzoni walikula unga wa muhogo uliokuwa kwenye ndege, halafu matunda waliyofundishwa na bibi yao. Na jeshi lilifanya nini? Lilirekodi sauti ya huyo bibi, likairusha kwa spika kutoka kwenye helikopta, akiwaambia kwa lugha yao watulie sehemu moja, wanatafutwa. Jeshi zima limeona sauti ya bibi ni kifaa cha kazi. Sisi ya mama tunaifungia ndani!

Mtasema hao ni wazungu wana helikopta. Kwanza si wazungu, ni wenyeji wa msitu, na wenyeji wenzao ndio walioingia msituni pamoja na wanajeshi. Pili, njooni Zimbabwe, Desemba 2024. Mtoto mdogo kapotelea kwenye hifadhi ya Matusadona, yenye simba na tembo. Wanakijiji hawakuwa na helikopta. Walipiga ngoma ili asikie afuate mlio. Siku ya tano askari wa hifadhi wakampata hai. Aliishi kwa matunda ya mwituni na maji ya kuchimba kwenye mchanga wa mto.

Na hapa kwetu, 2024 hiyohiyo, mwanafunzi wa sekondari alipotelea Mlima Kwaraa, Babati, akiwa kwenye safari ya mafunzo. Kapatikana hai baada ya siku 26. Kwa hiyo asije mtu kumwambia mama siku ya pili "kubali tu, ndiyo imetoka".

Sitaki ugomvi na imani ya mtu. Anayetaka kuomba aombe, lakini wenye miguu waingie porini wakati huohuo. Mtoto aliyelowa anapoteza joto haraka kuliko mtu mzima, na hilo halisubiri kikao. Na lawama kwa mama? Alikuwa anaanika usipa ili hao hao wanaomlaumu wale. Baba alikuwa wapi? Mbona hakuna anayeuliza?

Basi tufanye hivi:

1. Usisubiri saa 24, wala saa mbili. Mwambie mwenyekiti wa kitongoji, piga 112. Namba ya watoto ni 116.

2. Anzeni pale alipoonekana mara ya mwisho. Ita jina, kisha NYAMAZENI wote msikilize. Mkipiga kelele mfululizo hamtamsikia.

3. Mama au bibi awe mbele, aite kwa upole: "Njoo mwanangu, hatukuchapi."

4. Akipatikana, mvue nguo mbichi, mkaushe, mkumbatie kifuani, mfunike kwa kanga au blanketi. Usimsogeze karibu na moto mkali.

5. Kama amekaa siku nyingi bila kula, usimpe sahani ya ugali! Mwili uliofunga muda mrefu ukipewa chakula kingi ghafla, madini kwenye damu yanashuka na moyo unaweza kusimama. Mpe maji au ORS kidogo kidogo, mlete kituo cha afya.

Na kabla hajapotea, mfundishe. California, Marekani, mwaka 1981 mtoto wa miaka tisa alipotea mlimani akafariki. Tangu hapo watoto kule wanafundishwa: ukipotea, kumbatia mti mmoja, usitembee. Miti ya kukumbatia tunayo. Leo usiku, kabla hajalala, mwambie mwanao: "Ukipotea kaa kwenye mti, piga kelele. Nitakuja mimi, na sitakuchapa."

Halafu uitimize hiyo ahadi. Fimbo unayomtishia nayo leo ndiyo itakayomfanya aikimbie tochi yako kesho.

Homa za vichanga kesho, nikitoka zamu. Msomee na baba watoto hii.