Lango lililo mkononi mwa jirani



Tumezoea kumfikiria jirani kuwa ni mtu: mwenye nyumba ya pili, ambaye moshi wa jiko lake tunauona na kilio cha mtoto wake tunakisikia. Wiki hii tumtazame jirani wa namna nyingine. Huyu ni mkubwa kuliko mji mzima anaopakana nao. Ana silaha, ana walinzi, na ndiye anayeshika barabara ambayo mkazi wa mji ule hana budi kuipita ili afike nyumbani kwake. Mji wenyewe unaitwa Quantico, nao uko katika jimbo la Virginia, nchini Marekani.

Quantico umejengwa ukingoni mwa mto Potomac, mto uleule unaopita Washington, mji mkuu wa nchi hiyo. Ukitoka Washington kuelekea kusini, ni mwendo wa kilomita zipatazo hamsini na kitu. Upande mmoja mji unatazama maji, na ng'ambo ya maji hayo ni jimbo la Maryland. Pande tatu zilizobaki zimezungukwa na kambi ya Marine, kikosi cha kijeshi cha Marekani kilichoasisiwa kupigana kutokea baharini. Kambi hiyo ina ukubwa wa zaidi ya ekari 50,000. Mji ulio kifuani mwake ni mitaa michache tu, ambayo mtu huimaliza kwa miguu kabla hajachoka. Sensa ya mwaka 2010 ilihesabu wakazi 480. Ile ya mwaka 2020 ikahesabu 578. Kwa wengi wetu, idadi hiyo ni ya mtaa mmoja, wala si ya mji.

Hata hivyo, mji huo si mali ya jeshi. Una meya wake, una baraza lake, na nyumba zake ni za watu binafsi. Yapo maduka, wapo vinyozi, wapo mafundi wa kushona na kurekebisha sare. Kipo pia kituo cha garimoshi, na reli yake huunganisha mji na Washington. Mtu anaweza kuzaliwa katika familia iliyokaa hapo miaka mingi, asivae sare hata siku moja, na bado kila atokapo na kila arudipo kwa gari akapita katika ardhi ya jeshi.

Hali hiyo haikuja kwa siku moja. Kabla ya kambi, palikuwa na makazi kando ya mto, reli, na kampuni iliyokuwa ikiuza viwanja kwa matumaini ya kupafanya pahala pa mapumziko na viwanda. Mwaka 1917 Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Jeshi likahitaji haraka uwanja wa kuwafunzia vijana wake, na Marine wakaweka kambi mahali hapo. Mwanzo ardhi ilikodiwa, kisha ikanunuliwa. Waliokuwa na nyumba na biashara zao katika eneo la mji wakabaki, huku pembeni mwao kila kitu kikigeuka kuwa cha jeshi. Mwaka 1927 Quantico ukasajiliwa rasmi kuwa mji wenye mamlaka yake. Vilipokuja Vita Kuu vya Pili, kambi ikatanuka kwa makumi ya maelfu ya ekari upande wa magharibi. Familia za wakulima zilizokuwa huko zikalazimika kuhama, na hadi leo makaburi ya koo za zamani yamo ndani ya mipaka ya kambi.

Tuutazame mwaka huo wa 1927 kwa makini. Mji ule ulikuwa mdogo na jirani yake alikuwa na nguvu za dola nzima. Kilichoubakiza haukuwa ukubwa wake wala mali yake. Ulibaki kwa sababu nyumba zile zilikuwa na wenyewe, na kwa sababu mji wenyewe ulipata jina na hadhi katika maandishi ya sheria ya jimbo. Wahenga wetu walisema mnyonge hana haki, nao walisema hivyo kwa kuona mengi. Lakini mnyonge mwenye hati mkononi hafanani na mnyonge asiye nayo.

Pamoja na hayo, hati ya nyumba haikuwapa watu wa Quantico kila kitu. Barabara ya kuingilia mjini inapita kambini, na penye mpaka wa kambi pana lango na askari wa zamu. Kwa miaka mingi kulipita lango hilo hakukuwa na uzito mkubwa. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, ulinzi ulikazwa katika kambi zote za kijeshi za Marekani, na Quantico haikuachwa. Anayekwenda mjini kukata nywele, kula chakula cha mchana au kumtembelea shangazi yake, lazima asimame mbele ya askari na kuonyesha kitambulisho. Asiyekuwa nacho hurudi alikotoka, ijapokuwa hana haja yoyote na jeshi.

Msomaji anaweza kusema kwamba kuonyesha kitambulisho ni jambo dogo, na kwamba kambi ya kijeshi haiwezi kuachwa wazi kama soko. Ni kweli. Mwenye kulinda silaha na roho za watu ana wajibu wa kujua ni nani anayepita mlangoni kwake, na akiuzembea wajibu huo atalaumiwa. Lakini tulitazame jambo hilo kutoka upande wa mwenye duka. Kwetu tunasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mji mdogo huishi kwa wageni. Sasa mgeni akisikia kwamba ili anywe kikombe cha kahawa mjini hapo lazima kwanza akaguliwe na askari mwenye bunduki, mara ngapi ataamua kunywa kahawa yake mahali pengine? Hakuna aliyemfukuza. Hakuna sheria iliyomkataza. Amegeuza gari mwenyewe, na mwenye duka hatajua kamwe kwamba alikuwa njiani kuja.

Hasara ya namna hii ndiyo ngumu kuilalamikia, kwa kuwa haina wa kumshitaki. Askari wa langoni anatimiza amri. Mkuu wa kambi anatimiza wajibu wake. Mwenye duka naye hakukosea. Hata hivyo mapato yanapungua, na anayeyakosa ni yule mdogo.

Wala tusimdhulumu jirani mkubwa katika kumsimulia, kwani insafu ni wajibu hata kwa asiyetupendeza. Kambi hiyo ndiyo pia riziki ya mji. Maofisa wa Marine huanzia mafunzo yao Quantico, na ndani ya eneo hilohilo kuna chuo cha wapelelezi wa FBI, kilichofunguliwa mwaka 1972. Maelfu ya vijana hupita hapo. Nywele zao fupi hukatwa mara kwa mara, sare zao zinahitaji kushonwa na kupunguzwa, na matumbo yao huchoka na chakula cha kambini. Kinyozi wa Quantico anaishi kwa vichwa hivyo. Wakati huohuo, kambi ina maduka yake yenyewe, ambayo huwauzia askari bidhaa bila kodi ya mauzo. Kwa hiyo mkono uleule unaomletea mfanyabiashara wateja ndio unaoshindana naye. Nani miongoni mwetu hajawahi kuwa na jirani kama huyo, anayekukopesha asubuhi na kukuzibia njia jioni?

Wapo wasomaji watakaouliza: kambi iliyowafunza maofisa waliopelekwa Iraq na Afghanistan inatuhusu nini sisi? Swali hilo lina haki yake, na machungu yaliyo nyuma yake hayafutwi kwa makala moja. Lakini haki ya jirani haikuwekwa kwa ajili ya majirani tunaowapenda tu. Ingekuwa hivyo, isingekuwa haki, ingekuwa mapenzi.

Tena kuna jambo katika historia ya kambi hiyohiyo linalowagusa Waislamu moja kwa moja. Miongoni mwa askari wa Marine wamo Waislamu, na mmoja wa maimamu waliowahudumia ni Abuhena Saifulislam, mzaliwa wa Bangladesh aliyekuwa ofisa wa dini katika jeshi la majini la Marekani. Mwaka 2006 pakafunguliwa ndani ya kambi ya Quantico mahali rasmi pa kusalia Waislamu, na naibu waziri wa ulinzi wa nchi hiyo wakati huo, Gordon England, akahudhuria ufunguzi. Hatulitaji hili ili kulisifu jeshi. Twalitaja kwa sababu linaonyesha namna wachache wanavyopata nafasi katika nyumba ya wengi. Askari anaweza kusali katika chumba chochote kilicho kitupu kwa muda, mradi mwenye chumba asikihitaji na moyo wake uwe mwema siku hiyo. Mahali palipotengwa na kutambuliwa ni jambo jingine. Pale hahitaji tena kutegemea moyo wa mtu.

Ndugu wasomaji, hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Kuna kupita kwa hisani na kuna kupita kwa haki. Anayepita kwa hisani hupita vizuri tu, pengine kwa miaka thelathini, akisalimiwa na kuchekewa. Siku jirani anapofariki na mwanawe akarithi, au hofu ikaingia nchini, au mkubwa mpya akahamishiwa hapo, ndipo hugundua kwamba alichokuwa nacho kilikuwa ruhusa tu. Watu wa Quantico hawakuhama, nyumba zao hazikuguswa, na mto wao ungali pale pale. Kilichobadilika ni lango tu, na kwa kubadilika lango, mji mzima ukabadilika.

Wanazuoni wa fiqhi waliliona hili zamani. Katika vitabu vyao, haki ya kupita katika ardhi ya mwingine ili kuifikia milki yako ina mlango wake wa kujadiliwa, pamoja na haki ya maji ya kunyweshea na haki ya kutoa maji machafu. Hawakuliacha jambo hilo kwa tabia njema za watu peke yake, ijapokuwa wao ndio waliotufundisha tabia njema. Walijua kwamba hata watu wema hufa, na ardhi hubaki.

Basi tuitazame Quantico, kisha tutazame nyumbani. Ni mara ngapi familia ya Kiislamu hugawa shamba au kiwanja cha marehemu kwa hesabu sahihi kabisa, sudusi hapa na thumni pale, kila mrithi akapata alichoandikiwa, halafu kipande kimoja kikawa katikati bila njia? Aliyepewa kipande hicho mara nyingi ni dada, au mdogo wa mwisho, au mjane. Siku ya kugawa kila mmoja husema: "Pita tu kwangu, kwani sisi si ndugu?" Na kwa kweli hupita. Kisha kaka anajenga ukuta. Kisha kaka anauza, na mnunuzi hajui habari za undugu wenu. Mwenye kipande cha kati amebaki na ardhi halali, yenye hati, ambayo hawezi kuifikia na tofali moja. Mgawanyo wa namna hiyo ni sahihi kwenye karatasi, lakini ardhini una dhulma ndani yake.

Dawa yake si ngumu, ila inataka ifanywe mapema, kabla ya ukuta. Siku ya kugawa, njia ipimwe kwanza, kisha vipande vipimwe baada yake. Upana wake uwe wa kupita gari la wagonjwa na jeneza, kwa sababu siku hizo mbili zitakuja. Iandikwe katika karatasi ileile ya mgawanyo, mashahidi watie sahihi, na pale penye ofisi ya ardhi ipelekwe huko. Anayeona haya kumwandikisha ndugu yake akumbuke kwamba kuandika si kumtuhumu. Kuandika ni kumlinda yeye na watoto wake wasije wakagombana na wa kwako juu ya jambo ambalo ninyi wawili mlikuwa mmekwisha kulikubali.

Nawe uliye upande wa pili, uliyeruzukiwa kiwanja cha mbele chenye barabara, jua kwamba lango lako ni amana. Una haki ya kujilinda. Weka taa, weka mlinzi, uliza anayepita ni nani. Lakini kila unapoongeza kufuli, jiulize ni nani aliye nyuma yako ambaye kwake kufuli hilo ni mlango wa nyumba, na ni mgeni gani wa jirani yako ambaye leo ameamua kugeuza gari.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe majirani ambao njia zao hazimwogopeshi mtu, na azipe familia zetu busara ya kuandika mema yao wangali wanapendana. Amin. Tukutane wiki ijayo, inshaAllah.