Mtoto asiwe mkalimani wa nyumba

BARUA KUTOKA VALENCIA
Na Zuhura Mbarak

Katika majengo tunayokaa hapa Orriols, kaskazini mwa jiji la Valencia, masanduku ya barua yamepangwa ukutani pale chini unapoingilia. Barua ya manispaa, bili ya umeme, wito wa shule, karatasi ya benki, zote hutiwa humo kwa jina la baba au la mama. Anayezifungua ni mtoto. Akirudi shule hupanda nazo ngazi, akatupa mkoba, akazisoma wima jikoni, na wazazi wakimtazama usoni kabla hajatamka neno, wapate kujua kama ni ya heri au ya shari.

Wasomaji wa nyumbani huniuliza maisha ya mji wa pwani wa Hispania yakoje. Mengine ni mepesi kwa mtu aliyekulia karibu na bahari. Ufukwe wa Malvarrosa haupo mbali, na wali ni chakula cha heshima huku kama kwetu: Jumapili jirani zetu hupika paella kwa kuku, sungura na maharage mabichi. Kinachosumbua mwanzoni ni saa. Chakula cha mchana ni saa nane, maduka mengi madogo yanafungwa mpaka jioni, na cha usiku huliwa saa tatu au nne. Tangu mwaka 1940 Hispania inafuata saa za Ulaya ya Kati ingawa iko magharibi, sambamba na Uingereza, kwa hiyo mwezi Juni jua linazama karibu saa tatu na nusu usiku. Familia ya Kiislamu inaswali magharibi saa hiyo, isha inaingia baada ya saa tano, na watoto wa jirani bado wanacheza mpira uwanjani chini ya dirisha lako. Haya mwili huyazoea. Leo nataka kusema juu ya jambo ambalo halifai kuzoewa.

Shule huku ni lazima tangu miaka 6 hadi 16, na ya serikali haina ada. Mtoto anaingia darasani hajui hata kuomba maji, na baada ya miezi michache anagombana na wenzake kwa Kihispania. Anaongezewa na Kivalencia, lugha ya jimbo, ambayo hufundishwa shuleni na huandikwa kwenye vibao vya barabarani na matangazo ya serikali. Wakati huo mama yake anasafisha nyumba za watu au anamtunza bibi mzee wa Kihispania usiku na mchana, na baba yupo shambani kwenye machungwa au nyuma ya jiko la mgahawa, mahali ambapo maneno thelathini yanatosha kumaliza siku. Mwaka 2025 serikali ya jimbo iliwaita wazazi wapige kura, wachague Kihispania au Kivalencia iwe lugha ya msingi ya mtoto wao darasani. Ni uamuzi mzito kwa familia yoyote. Katika nyumba ninazozijua, mzazi alimuuliza mtoto swali linasema nini, kisha akamuuliza ajibu nini.

Majira ya baridi yaliyopita mama mmoja wa jengo letu, mtu wa Bukavu, alikwenda kituo cha afya kwa sababu alikuwa akitokwa na damu bila kukoma. Alimchukua mwanawe wa miaka 9, aliyekosa shule siku hiyo. Daktari alikuwa mtu mpole, hakumfokea mtu. Aliuliza damu ilianza lini, ni nyingi kiasi gani, mume wake yupo au hayupo. Mvulana akapokea na kurudisha, macho yako kwenye vidole vyake. Kisha daktari akauliza mama ameharibikiwa na mimba mara ngapi. Mtoto neno hilo hakulijua kwa Kiswahili, wala hapakuwa na sababu ya kulijua. Akamgeukia mama yake akasema, “Mama, anauliza watoto wangapi walipotea.”

Mama huyo alitoka Kivu na vita. Alinyamaza. Daktari akafikiri hajaelewa, akamwambia mtoto arudie swali.

Alinisimulia ngazini siku ya pili yake, vikapu vya sokoni viko chini kati yetu. “Dada, nilipata haya sana. Mwanangu anajua vitu vya mwili wangu ambavyo hata dada yake mkubwa hajui. Na tangu jana hataki kula.”

Wapo watakaosema kumsaidia mzazi ni adabu njema, na kwamba watoto wetu hutumwa tangu wakiwa wadogo: dukani, kisimani, kubeba mdogo wao mgongoni. Nakubali, na mimi nalea hivyo hivyo. Lakini mtoto anayetumwa dukani anatumwa na mkubwa wake, na akirudi anampa hesabu. Huyu wa kituo cha afya amewekwa mbele ya mkubwa wake. Yeye ndiye anayejua kinachoendelea, yeye ndiye anayeamua kipi kisemwe na kipi kimezwe. Mwalimu akilalamika juu yake kwenye kikao cha wazazi, malalamiko hayo hupita mdomoni mwake mwenyewe. Barua ya mwenye nyumba ikija ya kutaka mhame, msichana wa miaka 12 anaweza kuificha chini ya godoro ili mama apate usingizi, na usingizi wake yeye ukatoroka. Nimeyaona yote mawili katika jengo moja.

Mzazi naye hupungua machoni pa watoto wake. Baba aliyekuwa akisema neno moja nyumba nzima ikatulia, leo anasimama nyuma ya bega la binti yake kwenye dirisha la ofisi, na karani anamtazama binti. Baba wa namna hiyo akirudi nyumbani ama ananyamaza moja kwa moja, ama anapiga kelele kwa jambo dogo ili ajisikie kuwa bado yupo.

Tarehe 29 Oktoba 2024 ilituonyesha hatari nyingine. Mafuriko ya siku ile yaliua watu zaidi ya 220 katika mkoa wa Valencia, wengi katika miji ya kusini kama Paiporta na Catarroja. Sisi wa jijini wengi tulisalimika, kwa sababu mto Turia ulihamishiwa mfereji mpya baada ya gharika ya Oktoba 1957, na pale ulipopita zamani ni bustani ya kilomita karibu 9 ambamo watoto wetu huendesha baiskeli. Tahadhari ya serikali ililia kwenye simu saa 2 na dakika 11 usiku, maji yakiwa yameshaingia majumbani. Ilichelewa kwa wote, mwenyeji na mgeni. Ila matangazo ya siku zilizofuata hayakuchelewa: barabara zilizofungwa, reli zilizokatika, shule zilizosimama, miji ambayo maji ya bomba hayakufaa kunywewa. Yalikuja tu kwa lugha ambayo wazazi wengi wetu hawaielewi. Nilipowapigia simu watu wetu wa kusini kuwajulia hali, walionieleza mambo kwa ufasaha walikuwa watoto. Siku kama zile mtoto anahitaji mkubwa wa kumwambia afanye nini. Wao ndio waliokuwa wakiwaambia wakubwa.

Hispania ina deni hapa na sitalifunika. Sheria yake ya mwaka 2002 kuhusu haki za mgonjwa inataka taarifa za afya zitolewe kwa namna ambayo mgonjwa ataielewa. Mshitakiwa wa kesi ya jinai ana haki ya mkalimani bila malipo, na anayeomba hifadhi ya ukimbizi vilevile. Basi mama anayetokwa na damu naye astahili mtu mzima wa kumsemea, hata kwa njia ya simu, na daktari anayemwona mtoto wa miaka 9 ameketi kwenye kiti cha mkalimani aahirishe swali hilo mpaka apatikane mwingine. Hilo linataka fedha na mpango, na tuna haki ya kulidai kwa sababu tunafanya kazi na kulipa kodi hapa.

Lakini nusu ya kazi ni yetu. Valencia ina shule za umma za watu wazima, zinazofundisha Kihispania kwa wageni, madarasa ya asubuhi na ya jioni. Nawasikia wanaume wetu wakisema hawana muda. Wenye saa kumi na mbili za kazi nawaamini, na kwao nasema waanze hata na siku moja kwa wiki. Wenye muda wa kukaa kibarazani mwa duka la simu mpaka usiku siwaamini. Tena wengi wanataka uraia. Kwa mtu wa kwetu kawaida ni baada ya miaka 10 ya kuishi kihalali, na kuna mtihani wa lugha wa kiwango cha A2 na mwingine wa maswali 25 juu ya nchi na katiba yake, ukipata 15 umepita. Lugha watajifunza tu, wapende wasipende. Kinachobaki ni kuchagua kama wajifunze sasa, watoto wakiwa bado wadogo, au wangoje mpaka watoto wawe wameshachoka nao.

Na sisi tulioanza kuielewa lugha tujitolee. Katika jengo letu akina mama tumekubaliana kwamba hakuna anayekwenda kwa daktari na mwanawe. Anagonga mlango wa mwenzake. Miadi ya kwanza tuliyokwenda pamoja ilikuwa ya yule mama wa Bukavu, mimi nikiwa na Kihispania changu cha kutosha na yeye akiwa na maneno yake aliyoyakariri tangu usiku. Alipimwa, akapewa dawa, akapangiwa kurudi. Wakati wa kutoka karani wa mapokezi, aliyezoea kumwona na kijana wake, aliuliza mtoto yuko wapi leo. Mama akamjibu mwenyewe kwa Kihispania kwamba yuko shuleni.