Nyoka wa shaba aliyegeuzwa mungu

Katika kitabu cha Hesabu sura ya 21, Mungu alimwagiza Musa atengeneze nyoka wa shaba, ili kila aliyeumwa na nyoka amtazame apate kupona. Vizazi vingi baadaye, mfalme Hezekia alimvunja nyoka huyo vipande vipande, kwa sababu Waisraeli walikuwa wakimfukizia uvumba (2 Fal 18:4). Tukumbuke kwamba nyoka yule hakuletwa na wapagani. Alitengenezwa kwa agizo la Mungu. Hata kitu kitakatifu kinaweza kugeuzwa mungu.

Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walifariki kwa kukanyagana katika mkutano wa ibada, walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako. Tusiwacheke. Anayekimbilia mafuta mara nyingi ana mgonjwa nyumbani na mzigo mkubwa moyoni.

Nasi Wakatoliki tusijione salama. Yupo anayebeba dumu la maji ya baraka kila Dominika, lakini kitubio hajakikaribia tangu Kipaimara. Yupo anayetundika rozari kwenye kioo cha gari imkinge na ajali, huku akiendesha amelewa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2111, inahesabu kuwa ni ushirikina kutegemea tendo la nje tu la sala au la sakramenti, pasipo moyo unaotakiwa.

Ipo na sanamu isiyoonekana, nayo ni mimi mwenyewe. Wakati wa mavuno, hapa Songea waumini huleta mahindi altareni. Mwenye magunia kumi akitajwa jina na kupigiwa makofi, mjane mwenye kisado akapita kimya, je, tumemtolea nani sadaka ile? Kwaya ikiimba ili kuishinda kwaya ya kigango jirani, na padri akihubiri ili asifiwe, uvumba unapanda kwa Mungu huku mioyo inajifukizia yenyewe. Farisayo wa Luka 18 alisali kwa namna hiyo, akarudi nyumbani mikono mitupu.

Anayelipa gharama ya sanamu hizi ni maskini. Mama anauza mahindi ya watoto anunue chupa ya mafuta, wakati mgonjwa angeweza kufikishwa hospitali. Mwingine anaacha kuja Misa kwa aibu ya kukosa cha kutoa.

Hatuna haja ya kuvunja rozari zetu. Tuvunje tumaini tuliloliweka mahali pasipo pake. Jiulize: kitu hiki kikipotea leo, nitaendelea kumwamini Mungu? Jina langu lisipotajwa, nitaendelea kutoa? Dominika hii mtendee jirani yako jema moja ambalo hakuna atakayelijua ila Mungu.