Pezi la papa nalo lina sheria

Novemba 2013, meno ya tembo 706 yalikutwa ndani ya nyumba moja Mikocheni, Dar es Salaam, kusini mwa Mbweni. Taifa lilishtuka, na kwa haki: tembo wapatao 109,000 waliohesabiwa mwaka 2009 walikuwa wamebaki 43,000 hivi ilipofika 2014. Tembo ana wa kumlilia. Papa je?

Wavuvi wa pwani hii wanamjua pingusi, yule mwenye kichwa cha nyundo. Mkataba wa CITES wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, uliosainiwa Washington mwaka 1973, uliwaweka pingusi wa aina tatu chini ya udhibiti kwenye mkutano wa Bangkok, 2013. Panama, 2022, wakaongezwa wenzao waliobaki na papa wengine wengi.

Ieleweke, mkataba hauingii jikoni. Ng'onda wa papa kwa tui la nazi hauvunji mkataba wowote (nasi tunaula). Kinachobanwa ni pezi linalovuka mpaka kwenda kwenye supu za Asia ya Mashariki. Lazima liwe na kibali, na kibali kitoke baada ya wataalamu kuridhika kwamba biashara hiyo haitamaliza papa baharini.

Wataridhikaje iwapo daftari la dikoni linasema "papa" tu? Wizara ya Mifugo na Uvuvi iagize kila aina iandikwe kwa jina lake, hata kwenye madiko madogo ya Mbweni na Ununio. Majina wavuvi wanayo tangu enzi za babu zao. Aulizwe nahodha, karani aandike.